Tokeni ya chama: tubaki Ethereum ama tuhamie Solana?

Wasee wa Kisumu, kabla tupige kura tuangalie hii maneno poa. Ethereum na Solana ni blockchain, yaani mitandao ya kompyuta inayorekodi nani ana tokeni (pesa ya kidijitali) ngapi, na yetu sasa iko Ethereum. Ethereum iko tangu 2015 na imekomaa, shida ni ada ya kutuma, juzi mama wa samaki pale Kibuye alitaka kutuma tokeni za shilingi mia mbili akaona ada inakaribia mia tatu, akaweka simu kwa leso akarudi kupara samaki, na huyo ndio tulimtengenezea hii kitu jameni! Solana kawaida ada haifiki hata bob moja, Helium, mradi wa mtandao wa wireless wenye tokeni yake, walihamia huko 2023, ila Februari 2024 Solana ilizima kama masaa matano. Mimi naogopa daraja zaidi, yaani huduma za kuvusha tokeni kutoka blockchain moja hadi nyingine, moja yao Wormhole iliibiwa zaidi ya dola milioni 300 mwaka 2022. Tuhame, lakini bila daraja: turekodi salio ya kila mtu, tutoe tokeni mpya wenyewe, zile za zamani zifungwe.