MRDT au hadubini: malaria upime kwa kipi?

Ubishi huu Ujiji hauishi: mmoja anaapa kwa MRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, jirani yake hataki kusikia jibu lisilotoka kwenye hadubini.

Kwa kasi, MRDT haina mpinzani. Tone la damu ya kidole, matone ya dawa yake, na baada ya dakika 15 hadi 20 mistari imejichora. Haidai umeme, ndiyo maana zahanati za vijijini huko Uvinza zinaitegemea. Ila inanasa protini ya kimelea, si kimelea chenyewe. Umeshapona, mstari wa malaria bado unaweza kutokea kwa wiki kadhaa, unameza dawa bure.

Hadubini huhesabu vimelea na kuonyesha aina yao. Inataka rangi nzuri, lenzi safi na jicho lisilochoka. Foleni ikiwa ndefu, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Kuna ujanja ambao vyote viwili havionyeshi: seli ya damu iliyoambukizwa hutoa vifuko vidogo mno vinavyopelekea vimelea wengine ujumbe na kuzichezea seli za kinga.

Homa mpya, hospitali mbali? MRDT. Umemaliza dawa mseto ya malaria wiki iliyopita na homa imerudi? Omba hadubini.