Kiuno changu: vidonge vilipoza, mikono ikaninyoosha

Niliinama kuinua ndoo, kiuno kikashika. Sikuweza kunyooka. Kwa siku tatu nilishuka kitandani kwa kutambaa.

Nilianzia hospitali, na sijutii. Daktari aliniuliza maswali ambayo kila mwenye maumivu ya kiuno anapaswa kuulizwa. Kuna ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani? Mkojo unanitoka bila kujua, au unagoma kutoka? Nina homa, nakonda bila sababu, nimewahi kuugua saratani? Yote hapana. Akaniandikia ibuprofeni, akasema nikalale. Makali yalipungua kweli, ila tumbo lilianza kuwaka, na kule kulala ndiko kulikonikakamaza zaidi. Wiki ya tatu bado nilikuwa navalishwa viatu.

Ndipo nikaenda kwa mtaalamu wa kairopraktiki, tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono iliyoasisiwa Marekani na Daniel David Palmer mwaka 1895. Alinilaza ubavu, akanikunja goti, akasukuma mara moja: ta! Nilishtuka. Kumbe mlio ule ni wa gesi ndani ya ute wa kiungo, wala si mfupa unaorudi mahali pake. Nilitoka natembea wima, na jioni nikafunga kamba za viatu mwenyewe. Nililia kwa furaha. Hilo vidonge havikunipa.

Lakini mara ya pili aliniambia pingili zangu zimehama, hivyo nilipie vikao 24 kwa mkupuo. Nilikataa. Nilifanya vinne tu, na cha nne hakikuongeza kitu.

Nilipotafuta zaidi, nikakuta mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Umeikubali tiba hii ya mikono, pamoja na mazoezi na dawa za kundi la ibuprofeni. Mikanda ya kiuno na dawa za jamii ya afyuni umezikataa. Laiti mtu angeniambia mapema kuhusu mazoezi! Si daktari wala yule mwingine aliyenifundisha hata zoezi moja, na hilo linaniuma mpaka leo, maana kilichonishikilia baada ya vikao ni kutembea kila asubuhi na kuinua nyonga nikiwa chali.

Ningerudi kwa kairopraktiki? Ndiyo, kwa vikao viwili vitatu, bila kulipia mapema. Ila ukihisi ile ganzi, au mkojo ukigoma, usimpe mtu mgongo wako ausukume. Kimbia hospitali siku hiyohiyo.