Miezi mitatu nikimtafutia Tindo nyimbo: uzoefu wangu na programu ya muziki

Tindo ni askari mtoro. Usiku kucha huwachekesha wenzake kambini ili asitokee wa kumuuliza alitoroka vita gani. Ni mhusika niliyembuni na ninayemwigiza katika mchezo wa mezani wa hadithi na kete uitwao Dungeons & Dragons, na kwa miezi mitatu nimelipia programu ya muziki kwa ajili yake tu. Jina la programu naliweka kando.

Nilianza vibaya, nayo ikanisaidia kukosea. Niliandika "vita" kwenye kisanduku cha kutafutia, nikamwagiwa ngoma nzito, tarumbeta na kwaya za wanaume wanaonguruma. Jioni moja nikakusanya nyimbo 40. Wiki iliyofuata nilizisikiliza zote, Tindo simwoni. Zilikuwa nyimbo za askari yeyote. Kazi yake ilisikika, yeye mwenyewe hakuwemo. Mafungu yaliyopangwa kwa hisia nayo hayakunifaa: huzuni huku, furaha kule, hasira kwingine. Mtu anayecheka ili asilie utamweka fungu gani?

Kilichoniokoa ni uwezo wa kutafuta kwa maneno yaliyomo ndani ya wimbo. Niliachana na "vita", nikaandika "usiniulize", kisha "nimesahau", kisha "mlango". Hapo nikampata. Wimbo wenyewe unachezeka kabisa, mapigo kama 120 kwa dakika (nilihesabu kwa kidole, sekunde 15 mara nne), lakini mwimbaji anaomba radhi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ukiusikia ukiwa chumba cha pili utadhani watu wana sherehe. Tindo huyo.

Orodha nimeipunguza hadi nyimbo saba. Umo anaoupenda hadharani, umo ambao angeuzima haraka mtu akiingia, na umo ambao adui yake angemwimbia. Huu wa adui ulinisumbua kuliko yote, maana ilinibidi nimtazame Tindo kwa jicho la mtu asiyempenda, na nikagundua kwamba adui yake ana hoja. Siku hizi nikikwama mchezoni, sijui ajibu nini, navuma kimoyomoyo ule anaouficha. Jibu huja, na mara nyingi ni la uongo, kama inavyompasa.

Ala nazo zina neno. Mwaka 1936 mtunzi Mrusi Prokofiev alimpa kila mhusika wa Peter and the Wolf, hadithi ya watoto inayosimuliwa kwa muziki, ala yake: ndege filimbi, paka klarineti, babu basuni. Nikajaribu kuchagua hivyo hivyo, ala kwanza, maneno baadaye. Gitaa la umeme lilimgeuza Tindo shujaa wa bango. Akodiani ikamrudisha alivyo.

Sasa malalamiko. Tulifika kwenye tukio nililolisubiri muda mrefu, Tindo anakutana ana kwa ana na kamanda wake wa zamani. Nikacheza wimbo mmoja, ule wa kujificha. Meza nzima kimya. Wimbo ukaisha, na kabla sijagusa simu programu ikajichagulia mwingine "unaofanana nao", dansi la kuwainua watu vitini. Kwa sikio langu vilifanana mapigo tu. Mwendeshaji wa mchezo alibaki na kete mkononi, halafu mtu akacheka, na tukio likafia hapo hapo. Jambo hilo lina kitufe chake, ila kimefichwa ndani ya mipangilio na huja kikiwa kimewashwa tayari. Kizime kabla hujafanya lolote lingine. Ule mpangilio wa kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, kinyume chake, uache: nimeuweka sekunde tano na unafanya kazi vizuri.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Ya nne ilipotea wiki mbili zilizopita, wimbo wa adui ulipofifia kwenye orodha. Jina lipo, ukiligusa halichezi. Nimetafuta rekodi nyingine ya wimbo huo huo, hakuna. Na chini ya jina lililofifia programu imeniwekea pendekezo la kuziba pengo: ngoma nzito, tarumbeta, kwaya ya wanaume wanaonguruma.