Waranti za hisa Hong Kong: zinaisukuma hisa mama kiasi gani?

Waranti ni hati ambayo thamani yake hufuata bei ya hisa fulani, yaani hisa mama: ya kununua hulipa hisa ikiwa juu ya bei iliyopangwa (bei ya utekelezaji), ya kuuza hulipa ikiwa chini yake. Zile zinazotolewa na benki za uwekezaji na kuuzwa kwenye Soko la Hisa la Hong Kong zinamfaa mwenye mtaji mdogo anayejua kukata hasara mapema. Ila wanunuzi wengi hutazama bei ya waranti tu, wakasahau kwamba benki iliyowauzia hailali na hatari ya kuwalipa wakipata faida. Huingia sokoni kununua hisa yenyewe, na hapo ndipo hisa mama huguswa.

Chukua waranti ya kununua yenye uwiano wa 10 kwa 1, yaani waranti 10 kwa hisa 1. Wateja wakishika waranti milioni 10, nyuma yake kuna hisa milioni 1. Delta, yaani sehemu ya mwendo wa bei ya hisa ambayo thamani ya waranti huifuata, ikiwa 0.5, benki hushika hisa 500,000 ili kujikinga. Bei ikipanda na delta kufika 0.6, huongeza 100,000; delta ikishuka hadi 0.4, huuza 100,000 kati ya zile za mwanzo. Kwa hiyo hununua wakati bei inapanda na kuuza inaposhuka, yaani huchochea kuni kwenye moto uliokwisha kuwaka. Waranti za kuuza hazitoi nafuu: benki hukopa hisa na kuziuza, na bei ikianguka huuza nyingine.

Je, hisa 100,000 ni nyingi? Kwa kampuni inayouza hisa milioni 20 kwa siku, hakuna atakayezihisi. Kwa ile ya hisa 400,000, hiyo ni robo ya mauzo ya siku nzima.

Kosa kubwa la wachambuzi wa mitandaoni ni kupiga hesabu kwa waranti zote zilizotolewa. Waranti milioni 100 zinaweza kuorodheshwa na milioni 90 zikabaki mikononi mwa benki. Hizo hazihitaji kinga. Angalia idadi iliyo kwa wateja, ambayo soko huitoa kila siku. Hata hiyo isikupe uhakika wote: benki ikijikinga kwa opsheni (mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa), au waranti zake za kununua na za kuuza zikifidiana, manunuzi ya hisa hupungua.

Siku za mwisho za waranti ndizo za kuangaliwa zaidi. Bei ikizungukazunguka karibu na bei ya utekelezaji, delta huruka hata hisa ikisogea senti chache tu. Hong Kong imelipunguza tatizo hili vizuri: malipo ya waranti za hisa mojamoja hutumia wastani wa bei za kufunga za siku tano za biashara kabla ya siku ya ukomo. Waranti ya kununua iliyo ndani kabisa ya faida (hisa iko juu sana ya bei ya utekelezaji), yenye kinga ya hisa milioni 1, humruhusu mtoaji kuachia takriban 200,000 kila siku karibu na muda wa kufunga, badala ya kumwaga zote kwa mkupuo. Shinikizo la kuuza lipo, ila limegawanywa.

Kwa mwenye hisa mama tu, tunazipa waranti hizi nyota tatu kati ya tano. Kwa hisa ndogo zenye wanunuzi wachache, moja.