TAHADHARI TANGA: Buti halifunguki, unauziwa kontroli boksi yako mwenyewe

Wenye magari ya zamani hapa Tanga, hasa haya madogo ya Kijapani yenye buti la kufungua kwa swichi, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna fundi umeme maeneo ya Ngamiani, anauza na spea hapohapo, anawauzia watu kontroli boksi, yaani kile kiboksi kinachoendesha vioo, loku na taa za gari, kwa tatizo la waya uliokatika. Jina simtaji kwa sababu shauri lipo kwa mtendaji wa mtaa na sitaki liharibike. Lakini mbinu yake nitaieleza yote.

Aliyepigwa ni mama mkubwa wangu, anakaa Makorora. Anapika maandazi na vitumbua, alfajiri anavipeleka mashuleni, na ndoo zake zote zinakaa kwenye buti. Gari ni la 2003. Buti lilianza kugoma siku za mvua tu, baadaye likagoma moja kwa moja, mama wa watu akawa anapitisha ndoo za moto juu ya siti ya nyuma. Akampelekea huyo bwana. Bwana hakupima kitu. Alichomoa fyuzi moja, akaitazama, akairudisha, akasema: "Mama, kontroli boksi imekufa. Mpya huipati, ila ninayo moja used imetoka Dar, safi kabisa." Shilingi 280,000 pamoja na ufundi. Akalipa kwa simu, risiti hakupewa.

Jioni gari likawa tayari. Fundi akainua mlango wa buti, akabonyeza swichi, kitasa kikalia kra, mama akashukuru akaondoka. Wiki haijaisha buti likagoma tena. Kurudi, akaambiwa sasa ni mota ya kitasa, atoe 120,000 nyingine. Hapo ndipo akanipigia simu. Mimi umeme wa magari ndiyo kazi yangu, lakini nafanyia Muheza, kwa hiyo sigombei mteja na mtu yeyote wa mjini.

Cha kwanza nilifungua hiyo boksi "ya Dar". Bahati nzuri binti yake aliipiga picha ile ya zamani ilipokuwa inatolewa, ili atafute bei mtandaoni. Tukaziweka pamoja. Namba ya kwenye stika inaweza kufanana kwa boksi za aina moja, hilo najua. Lakini sikio la plastiki lililovunjika kona ileile, na mkwaruzo uleule uliopita juu ya stika? Ni boksi yake, imefutwa vumbi kwa petroli na kurudishwa.

Cha pili nilikwenda pale ambapo kila fundi wa umeme huanza na gari la umri huo: bomba la mpira linalopitisha nyaya kutoka bodi kwenda mlango wa nyuma. Nikalivuta litoke kwenye tundu lake upande wa bodi, nikalikunja kurudi nyuma. Waya mmoja umekatika kabisa, ganda lake limekauka na kupasuka. Jirani yake umebaki uzi mmoja wa shaba, nao umeota ukijani. Kila ukifungua buti nyaya hizo zinajikunja hapohapo, miaka zaidi ya ishirini, na hewa yetu ya bahari inamalizia kazi.

Sasa angalieni ujanja ulipo. Mlango ukiwa juu, zile ncha zilizokatika zinagusana, kitasa kinalia. Mlango ukishuka, zinaachana. Ndiyo maana yule bwana anajaribu buti likiwa wazi na mkono mmoja ameulaza kwenye mpira. Mama mkubwa anakumbuka mkono ule vizuri, alidhani anaegemea tu. Anayejua pa kushika anajua ugonjwa ulipo. Hilo ndilo lililonichoma kuliko hata hela.

Kwa hiyo ukiambiwa boksi imekufa, uliza kwanza: vioo vinapanda? Loku za milango mingine zinafanya kazi? Taa ya ndani inawaka? Kwenye magari mengi boksi hiyohiyo ndiyo inayoendesha vyote hivyo, na haiwi kawaida ife kwa ajili ya buti peke yake. Kisha tazama mlango wa nyuma wenyewe: taa ya namba, waipa ya nyuma, ile taa ya breki ya juu. Kama navyo vinawaka na kuzima ovyo, shida iko kwenye mpira, kwa sababu nyaya zake zinapita humo humo.

Sikiliza pia. Ukibonyeza ukasikia mota inalia lakini mlango haufunguki, umeme unafika, kitasa ndicho kimeshika kutu au uchafu. Kama kimya, mwambie fundi aangalie fyuzi, halafu aunganishe nyaya mbili za swichi kwa sekunde moja. Buti likifunguka, swichi ndiyo imekufa. Vile vibonyezo vya mpira huyeyuka na kunatanata, na swichi peke yake haina bei ya kutisha.

Na asipime kwa mita tu. Waya uliobaki uzi mmoja utaonyesha volti 12 vizuri kabisa, lakini mota ikitaka umeme haiupati. Apime kwa balbu ya indiketa, ya wati 21. Hiyo inavuta karibu ampea 2, na waya mbovu utajulikana palepale kwa balbu kufifia au kukataa kuwaka. Upande wa hasi upimwe vilevile, wengi wanausahau.

Gari la mama nimeunga nyaya zote za kwenye mpira, siyo ule mmoja tu, kwa waya laini unaokunjika. Nikalehemu na kuvisha kila kiungo kimpira chake cha kukifunika, na viungo vyenyewe nimeviweka mbali na pale panapokunjika. Gharama ya vifaa haikufika hata 15,000. Kipande cha waya kwenye nafasi ya fyuzi msikubali kabisa, gari linaungua.

Ukibadilishiwa kifaa chochote, weka alama yako kwenye cha zamani na uondoke nacho. Dai risiti ya EFD. Buti lijaribiwe likiwa limefungwa, mara kadhaa, mbele yako.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumdanganya mteja kuhusu bidhaa, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Ushindani. Sisi tunaandaa ya kwetu. Kama nawe uliuziwa boksi Ngamiani kwa staili hii, usiitupe wala usiisafishe, tunza na ujumbe wa malipo kwenye simu, kisha niandikie hapa chini twende pamoja.