Uzoefu wangu na fundi mageti ambaye siku hizi anajenga magodauni

Nianze na jibu maana najua ndo mnalolitaka: kama unajenga godauni, banda la malori au paa kubwa la chuma, hawa jamaa nenda. Kama unataka grili za madirisha mawili usijisumbue, utapigwa kalenda mpaka uchoke.

Nawajua tangu wako kibandani Tabata, Dar, fundi na dogo wake, mashine ile ya koili ya shaba iliyosukwa hapahapa mtaani, akianza kuchomelea tu taa za majirani zinafifia na mama mwenye friji anatoka kugomba. Alinitengenezea geti, mpaka leo bawaba hazijalegea, kwa hiyo nilivyotaka godauni la mita 12 kwa 24 huko Chanika nikamtafuta. Nikakuta mambo mengine kabisa. Eneo kubwa, umeme wa fezi tatu, mashine za MIG zile za waya na mtungi wa gesi, msumeno wa kukatia mihimili, vijana wamevaa buti (zamani ilikuwa kandambili, aliyewahi kuingiwa na cheche katikati ya vidole anaelewa).

Kilichonishtua lakini ni bei, tena siyo ukubwa wake, ni namna wanavyoipigia hesabu. Zamani alikuwa anatazama, anakuna kichwa, anataja hela. Sasa hivi kaniambia "kaka, sisi tunauza kwa kilo", nikadhani naibiwa. Kumbe ndo afadhali kwa mteja, maana chuma uzito wake unajulikana, bati la mita moja ya mraba lenye unene wa milimita 1 lina kilo 7.85, ukijua hapo unakagua kila kitu mwenyewe. Mfano bezi pleti za nguzo zangu (vile vyuma bapa vya kukalia nguzo chini) ni sentimita 30 kwa 30, unene milimita 16, piga kalkuleta unapata kama kilo 11.3 kila moja, na kwenye karatasi yao imeandikwa hivyohivyo. Sasa linganisha na yale mabomba ya dukani unaambiwa unene ni milimita 1.5, ukiweka kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, unakuta 1.2, na hela umeshalipa ya 1.5.

Kazi yenyewe karibu yote imefanyika karakana. Mihimili imekatwa, imetobolewa, kila kipande kimeandikwa namba kwa rangi, saiti ni kunyanyua na kufunga boliti tu. Walishatangulia kuleta fremu ya kushikilia boliti za msingi wakati zege linamwagwa zisihame, na hazikuhama isipokuwa nguzo moja tundu likagoma kuingia boliti. Kijana akashika gesi apanue kwa moto, msimamizi akamfokea "acha hiyo, leta drili!" Hapo ndo nikajua hawa wamekua kweli, maana tundu la moto linatoka baya, boliti haikai vizuri na chuma pale pembeni kinaharibika, ila mafundi wetu wengi wangepiga moto wakazibia na washa (kile kiringi cha chini ya nati), nani ataona.

Ya kulalamikia yapo. Vyuma vimefika redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, imechubuka kwenye lori, wakataka kupandisha hivyohivyo, nikakataa mpaka wakapaka upya, na nashauri usimamie hilo mwenyewe hasa ukiwa unajenga Kigamboni au popote karibu na chumvi ya bahari. Fundi mwenyewe humpati tena kwenye simu, unaongea na dada wa ofisini, mstaarabu lakini kila kitu "ngoja nimuulize injinia". Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) wanatoa bila kuombwa, na VAT ya asilimia 18 nayo inakuhusu, usije ukalinganisha bei yao na ya fundi wa chini ya mwembe ukasema ni ghali wakati yule halipi kitu. Na jirani yangu aliyepeleka geti dogo mpaka leo anazungushwa, nadhani wangekataa tu kazi ndogo waseme ukweli kuliko kupokea advansi ya watu.

Nyota 4. Moja nimeitoa kwa sababu ya kreni, kwenye bei yao haikuwemo na hakuna aliyesema mpaka siku ya kupandisha trasi (zile fremu za chuma za paa), nikaikodi mwenyewe kwa hela ya haraka. Ulizia kabla ya kusaini.