Macho makavu: dagaa mezani au kitambaa cha moto?
Kiangazi vumbi likitimka Arusha, wenye macho makavu huulizana: tubadili mlo au tukande macho kwa kitambaa cha maji moto?

Kwa gharama, kukanda kunashinda waziwazi, maana maji na taulo safi ndogo viko kila nyumba. Dagaa wa soko la Kilombero utawanunua kila wiki, ingawa familia nzima inafaidi.

Kwenye uhakika, wanaosifia vidonge vya mafuta ya samaki siwaungi mkono. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2018 uliwapa wagonjwa miligramu 3,000 za omega-3, yaani mafuta yaliyomo kwenye samaki kama dagaa, kila siku kwa mwaka mzima. Hawakupata nafuu kuliko waliopewa mafuta ya zeituni kwa kulinganisha tu. Kukanda hulainisha mafuta yaliyoganda kwenye tezi za kope, machozi yasikauke upesi. Ila kunachosha: taulo linapoa, unachovya tena, unakamua, dakika 5 hadi 10, kila siku. Na maji yawe ya kuvumilika, kope zisiungue.

Ukiamka na ukoko kopeni, anza na kukanda. Kama mlo wako hauna samaki wala mboga za majani, rekebisha sahani. Dereva wa bodaboda avae kwanza miwani inayoziba pembeni. Macho yakiuma au kuona ukungu, nenda kliniki ya macho.